Moyo Unaposimama: Historia Inayoigusa Madimba

Moyo kusimama ghafla ni hali ya moyo kuacha kusukuma damu, mara nyingi kwa sababu umeme wake wa asili umevurugika. Si sawa na shambulio la moyo, ambapo mshipa unaolisha misuli ya moyo huziba, ingawa shambulio laweza kuusimamisha.

Kwa karne nyingi hali hiyo ilihesabiwa kuwa kifo chenyewe. Mabadiliko yalitokana, ajabu ya mambo, na umeme uleule uliowaua mafundi wa nyaya huko Marekani. Mwaka 1947, daktari Claude Beck wa Cleveland aliushtua kwa umeme moyo wa kijana aliyekuwa akipasuliwa, ukarudi kupiga. Mwaka 1960, mhandisi wa umeme William Kouwenhoven, pamoja na James Jude na Guy Knickerbocker, walionyesha kwamba kukandamiza kifua kwa mikono husukuma damu. Hakuna ugunduzi wa tiba ulio rahisi kubebwa kuliko huo.

Nchini Tanzania, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ilianza mwaka 2015 jijini Dar es Salaam. Mwaka huohuo mtambo wa Madimba, mkoani Mtwara, ulianza kusafisha gesi ya Mnazi Bay, inayozalisha umeme jijini humo. Bomba linaloifikisha gesi hiyo Dar es Salaam lina urefu wa zaidi ya kilomita 500. Mgonjwa wa Madimba ambaye moyo wake umesimama hawezi kusubiri asafirishwe umbali huo, kwani ubongo usiopata damu huanza kuharibika ndani ya dakika chache. Mikono ya aliye karibu ndiyo tiba ya kwanza: kifua kikandamizwe katikati, mara 100 hadi 120 kwa dakika.