Nyuzi Kuukuu za Jamerson

Uliza mpiga besi yeyote: nyuzi hubadilishwa lini? Wengi watakwambia mlio ukianza kufifia. James Jamerson, wa studio ya Motown kule Detroit, alikuwa na jibu lake: uzi ukikatika tu. Gitaa lake, Fender Precision ya 1962, lilikaa na nyuzi zilezile mwaka baada ya mwaka. Kwake, uchafu ndio uliotunza utamu.

Na si ukaidi tu, bana. Miaka ya 1960, Motown kwa kawaida haikuandika majina ya wapigaji wa studio kwenye majalada. Lake lilitajwa 1971, kwenye What's Going On ya Marvin Gaye. Kabla ya hapo, saini yake ilikuwa ule mlio mzito, wenye jasho la miaka.