Mabasi ya Flaiwili ya Léopoldville: Lawama kwa Dereva au kwa Gurudumu?

Mwaka 1955 mji wa Léopoldville, ambao leo ni Kinshasa, uliletewa mabasi 12 yasiyotumia dizeli wala nyaya za umeme njiani. Chini ya sakafu ya kila basi lilizunguka gurudumu zito la chuma, lile ambalo mafundi huliita flaiwili. Waliounda mabasi hayo, kampuni ya Oerlikon ya Uswisi, waliyaita Gyrobus. Kituoni basi liliinua mikono mitatu ya paani ikagusa nguzo ya umeme, na mota ikalizungusha gurudumu hadi kufikia mizunguko 3,000 hivi kwa dakika. Mikono ikishushwa, mota ileile iligeuka jenereta, na umeme wake ukaliendesha basi hadi kituo kingine cha kuchaji. Mwaka 1959 mabasi hayo yaliondolewa.

Simulizi inayorudiwa mara nyingi huwanyooshea kidole madereva: eti walikatiza njia zisizo na lami, ambazo mvua ikinyesha hugeuka matope. Sikatai. Matope hulifanya basi livutike kwa nguvu zaidi, na akiba ya gurudumu huisha upesi. Ila katika historia ya koloni lawama huteremka haraka hadi kwa aliyeshika usukani, kwa hiyo nimeona tulichunguze gurudumu lenyewe kwanza.

Basi la dizeli ukilizima, mafuta yanabaki tangini. Flaiwili haizimiki hivyo. Basi likisubiri abiria, gurudumu linaendelea kuzunguka na kupoteza nishati: beringi zinazobeba tani moja na nusu zinapata joto, na gesi inayolizunguka inaliburuta. Wahandisi walilijua hilo. Walilifungia gurudumu ndani ya kasha lenye hidrojeni, gesi nyepesi mara 14 kuliko hewa, ili mburuto upungue. Ulipungua, haukuisha. Tena kila nishati ilipobadilishwa, kutoka umeme kuwa mzunguko, kisha umeme tena, kisha mwendo wa basi, sehemu yake iliishia kuwa joto. Na kasi ya gurudumu ikishuka kufikia nusu, kinachobaki si nusu ya nishati bali robo tu. Dereva aliyechelewa kidogo njiani hakuwa na akiba ya kuchezea.

Hesabu ya Léopoldville ilikuwa nzito: takriban kilowati-saa 3.4 kwa kila kilomita. Beringi nazo zilivunjika, na unyevu wa hewa ukazisumbua mota.

Kinachonishawishi zaidi, hata hivyo, kiko Ubelgiji kwenyewe. Mji wa Ghent ulianza kutumia mabasi ya aina hiyohiyo mwaka 1956, kwenye barabara za mji wa Ulaya, bila matope ya kusingizia. Huko yalitumia kama kilowati-saa 2.9 kwa kilomita, wakati tramu za mji, zilizobeba watu wengi zaidi, zilitumia kati ya 2.0 na 2.4. Ghent iliachana nayo mwaka uleule wa 1959. Yverdon, mji wa Uswisi uliotangulia kuyatumia tangu 1953, uliyasimamisha mwaka 1960, na sijakutana na maelezo yanayowalaumu madereva wa huko.