Kilimo hai nyumbani: anza na mboji, mbegu baadaye

Ukinunua fungu la mchicha gengeni, muuzaji hawezi kukuambia mchicha ule ulipigwa dawa lini. Si kwamba anakuficha, hata yeye kaupokea tu. Dawa nyingi za wadudu zina idadi ya siku za kungoja kabla ya kuvuna, na zimeandikwa pale kwenye chupa. Sasa mchicha wenyewe huwa tayari ndani ya wiki 3 hadi 4, na si kila mkulima anazingoja hizo siku. Ndiyo maana watu wengi wanataka angalau mboga za majani watoe nyumbani kwao.

Kilimo hai ni kulima bila mbolea za viwandani kama urea na DAP, na bila dawa za kemikali. Lakini ukiacha tu hivyo vitu halafu ukamwaga mbegu, hapo hujafanya kilimo hai, umebahatisha. Udongo wa mjini mara nyingi umechoka, au ni mchanga mtupu uliochanganyika na kifusi. Usipoulisha, mboga zinatoka za njano na wewe unarudi gengeni. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni mboji, na inataka miezi 2 hadi 3. Anza leo, mbegu zitangoja.

Kutengeneza mboji

Chagua sehemu yenye kivuli. Weka chini vijiti ili hewa ipite, kisha panga kwa tabaka: majani makavu au nyasi kavu, halafu vitu vibichi kama maganda ya ndizi, mabaki ya mboga na magugu ambayo hayajatoa mbegu, halafu samadi kidogo. Rudia mpaka lundo lifike kama mita 1 kwenda juu, na upana wake hivyo hivyo. Lundo dogo sana halipati joto. Nyunyizia maji kila tabaka, funika kwa majani ya migomba au gunia. Majivu yanafaa, ila kiganja tu. Usiweke nyama, mafuta ya kupikia wala kinyesi cha mbwa na paka.

Chomeka kijiti kirefu katikati. Baada ya siku kadhaa kichomoe ukishike: kikiwa na joto na unyevu, kazi inaendelea. Kikiwa kikavu, ongeza maji. Kikinuka vibaya, maji yamezidi au hewa haipiti, kwa hiyo geuza lundo na uongeze majani makavu. Geuza kila baada ya wiki 2 hivi. Mboji iliyoiva ni nyeusi, inavunjika mkononi na inanukia kama ardhi baada ya mvua.

Hapa wengi wanataka njia ya mkato: wanachukua mbolea ya kuku mbichi na kuitupa shambani. Hiyo inaunguza miche, na inaweza kuacha vijidudu vya magonjwa kwenye majani utakayokula. Samadi yoyote iozeshwe kwanza.

Huna eneo? Tumia gunia

Kibera, Nairobi, watu wanalima sukuma wiki kwenye magunia mbele ya nyumba. Changanya udongo na mboji iliyoiva, kiasi cha sehemu 2 kwa 1. Chukua kopo lisilo na kitako, liweke katikati ya gunia, lijaze kokoto, zungushia udongo, kisha livute juu na urudie mpaka ujaze gunia. Ule mnara wa kokoto ndio njia ya maji. Toboa matundu ubavuni na upande miche humo na juu pia. Lipange moja kwa moja pale litakapokaa, penye jua la kama saa 6 kwa siku, maana likishajaa halibebeki.

Wadudu

Vidukari wakiwa wachache, waondoe kwa maji na vidole. Wakizidi, twanga gramu 50 za kiini cha mbegu za mwarobaini, loweka kwenye lita 1 ya maji usiku kucha, chuja, tia sabuni kidogo, nyunyizia jioni. Jua linaua nguvu yake, na usiiweke hadi kesho.

Kuna wanaoshauri maji ya tumbaku. Mimi nakushauri uyaache. Nikotini ni sumu kwa mtu pia, hata kama imetoka kwenye jani. Dawa ya asili si lazima iwe salama.

Ukianza kuuza, jua kwamba Kilimohai ni nembo rasmi ya mazao ya kilimo hai Afrika Mashariki, chini ya viwango vilivyopitishwa mwaka 2007. Huruhusiwi kuibandika bila kukaguliwa. Jirani anayekuja kuchuma nyumbani kwako haihitaji, anaona mwenyewe unachoweka.

Sukuma wiki ichumwe majani ya chini, uache manne au matano ya juu. Mmea mmoja utakupa mboga miezi kadhaa. Kila baada ya wiki chache ongeza mboji juu ya udongo. Na mboga ioshwe hata kama imetoka mlangoni kwako.