Kilembe: Mgodi wa Shaba Uliogeuka Njia ya Wapanda Milima

Mwalimu wa Kiswahili anayefundisha Nyakiyumbu au Bwera hahitaji kusafiri mbali ili kupata somo la historia lenye lugha ndani yake. Akifuata barabara mpaka Kikorongo, akaelekea kaskazini hadi mji wa Kasese, kisha akapanda bonde la mto Nyamwamba kwa kilometa kumi hivi, atafika Kilembe. Huko atakuta nyumba za safu zilizojengwa kwa ajili ya wachimbaji, mahandaki yaliyotobolewa ubavuni mwa Rwenzori, na hosteli ya watu wanaojiandaa kupanda mlima. Sisi tulikwenda tukitaka kujua mahali palipokwisha kuchimbwa panawezaje kubaki na manufaa kwa umma.

Kabla ya yote, suala la istilahi. Wanafunzi wetu wengi hutumia neno mgodi kwa kila mahali penye shimo. Lakini Kiswahili kina timbo, yaani mahali panapochongwa mawe ya kujengea, kazi ambayo kwa kawaida hufanyika juu ya ardhi mchana kweupe. Machimbo ni neno pana zaidi. Kilembe ni mgodi hasa, kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi yake ilifanyika gizani, ndani ya mlima.

Kampuni ya Kilembe Mines iliundwa mwaka 1950 kwa mtaji kutoka Kanada. Kuwepo kwa shaba kulikuwa kumejulikana zamani. Tatizo lilikuwa namna ya kuitoa pale ilipo. Pasipo umeme na reli, shaba ya Rwenzori ilikuwa mawe tu. Bwawa la Owen Falls huko Jinja lilifunguliwa mwaka 1954, na mwaka 1956 reli kutoka Kampala ikafika Kasese. Uzalishaji ulianza mwaka huo huo wa 1956. Mawe yalisagwa na kuchujwa Kilembe, kisha mchanga wenye shaba ukapakiwa kwenye mabehewa na kupelekwa Jinja kuyeyushwa, na kutoka huko shaba ilisafiri hadi bandari ya Mombasa. Mji wa Kasese kama tunavyoujua ulizaliwa na reli hiyo. Katika miaka ya 1960 shaba ilikuwa miongoni mwa bidhaa kuu ambazo Uganda iliuza nje, pamoja na kahawa na pamba. Kwa jumla zaidi ya tani milioni 16 za mawe zilitolewa mlimani kabla ya mgodi kufungwa mwaka 1982, baada ya miaka ya misukosuko ya utawala wa Amin na vita vilivyomwondoa.

Ni nani waliozitoa tani hizo? Walikuwapo Wakonzo wenyeji wa milima hii, na walikuwapo watu wa Kigezi, Toro na Ankole, wa Rwanda na wa Kongo. Watu wa asili mbalimbali namna hiyo wanapopewa baruti na kuingizwa katika handaki moja, lugha ya kuonyana hatari si anasa. Kiswahili, ambacho katika sehemu nyingi za Uganda kilisemwa kuwa ni lugha ya askari, huku kilikuwa pia lugha ya kazi. Tukumbuke vilevile kwamba mpaka wa Kongo uko karibu. Soko la Mpondwe linaitazama Kasindi ng'ambo ya pili, na Wakonzo na Wanande wa upande ule husemezana kwa lugha zinazokaribiana mno, hata mgeni hazitofautishi. Kiswahili cha Kivu kimekuwa kikivuka mto pamoja na bidhaa.

Hebu tuyatazame baadhi ya maneno ya kazi ya namna hii. Kibarua ni barua ndogo, yaani kile kikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya kutwa. Baadaye jina la karatasi likawa jina la mtu mwenyewe. Kipande nacho kilikuwa kitambulisho cha mfanyakazi, na katika Kenya ya kikoloni neno hilo lilibeba uchungu mwingi. Nyapara ni msimamizi. Lakini neno tunalolipenda zaidi kulifundishia ni posho. Kwa Mtanzania posho ni fedha, tena mara nyingi ya safari au ya kikao. Kwa Mganda posho ni ugali wa mahindi, basi. Maana zote mbili zimetoka katika mgawo wa chakula aliopewa askari, mpagazi au mfanyakazi. Tanzania ulibaki mgawo na chakula kikageuka fedha. Uganda kilibaki chakula na mgawo ukasahauliwa. Mwanafunzi wa Kasese anayecheka asikiapo kwamba wabunge wa Dodoma wanalipwa posho anacheka juu ya historia ya babu yake bila kujua.

Katika mtaa wa Kyanjuki, ambako zamani zilikuwa nyumba za wachimbaji, mzee mmoja alituambia kuwa wao hawakusema wanakwenda kazini. Walisema wanaingia. "Leo unaingia?" ndilo lilikuwa swali. Tulimwuliza kama kulikuwa na neno la kutoka. Akasema, "Kutoka ni Mungu."

Sasa tuje kwa wapanda milima. Mwaka 1906 Luigi Amedeo, mwana wa ukoo wa kifalme wa Italia na Mtawala wa Abruzzi, alipanda kwa bonde la Mubuku, na tarehe 18 Juni akafika kwenye kilele cha juu kabisa, mita 5,109, akakipa jina la Margherita, malkia wa nchi yake. Wapagazi wenyeji walibeba mizigo; vilele wakapewa wageni. Kwa Wakonzo theluji ile ilikuwa tayari na mwenyewe, Kitasamba. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Rwenzori ilitangazwa mwaka 1991, ikaingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1994, kisha ikafungwa tangu 1997 hadi 2001 kwa sababu ya waasi wa ADF. Mwaka 2009 njia ya Kilembe ilifunguliwa kwa wapandaji, ikianzia palepale penye nyumba za mgodi na kufuata bonde la Nyamwamba. Leo mgeni anaweza kulala katika mtaa wa wachimbaji na asubuhi akaanza safari ya barafu. Vijana wa bonde hilo wamepata kazi za uongozi na upagazi, na mahandaki yenyewe hutembelewa na wageni.

Lakini tusilipambe jambo hili kupita kiasi. Tukilinganisha na Bamburi, karibu na Mombasa, tofauti inaonekana wazi. Pale machimbo ya mawe ya chokaa ya kiwanda cha saruji yalianza kupandwa miti mwaka 1971 na René Haller, Mswisi aliyejaribu aina 26 za miti na kuona chache tu zikiishi, mvinje ukiwa mojawapo. Jongoo waliletwa kusaga majani ya mvinje yaliyokauka ili yawe udongo. Hivi sasa pale ni bustani ya wanyama, na watoto wa shule hupelekwa kutembea. Kulikuwa na mpango, na kulikuwa na mwenye kiwanda wa kuulipia. Kilembe haikupata bahati hiyo. Mabaki ya mgodi yaliachwa kandokando ya mto. Yale yenye kobalti, yaliyorundikwa karibu na Kasese, kampuni moja ilianza kuyasafisha kwa kutumia bakteria mwaka 1999, kazi ambayo imekwisha simama. Mengine mto unayala. Mafuriko ya Mei 2013 na yale ya Mei 2020 yaliharibu nyumba nyingi bondeni, na ya 2020 yakaingia hospitali ya Kilembe. Maji hayohayo ya Nyamwamba hushuka kuelekea bondeni, kwa watu na mifugo yao.

Halafu kuna suala la kuuchimba upya. Mwaka 2013 serikali iliukodisha mgodi kwa kampuni ya Tibet Hima. Mkataba ukavunjwa mwaka 2017. Nia ya kurudia shaba haijafa. Sisi si wahandisi wala wachumi, na wakazi wa Kilembe wanaotaka ajira wana haki ya kuitaka. Ila mahandaki yakifunguliwa, maneno ya kazi yatakayoingia yatakuwa mengine, na wale walioingia kati ya 1956 na 1982 ni wazee sana sasa.

Kwa sababu hiyo tunawaomba wanafunzi wetu wenye jamaa Kasese, Bwera na Nyakiyumbu watumie likizo ijayo kuwahoji wazee waliofanya kazi Kilembe. Andikeni neno kama lilivyotamkwa, si kama kamusi inavyotaka: majina ya zana, ya zamu, ya vyeo, ya hatari na ya chakula. Andikeni na lugha ya kwanza ya msemaji, mwaka alioanza kazi na sehemu aliyofanyia. Orodha zitapokelewa ofisini mwa Idara juma la kwanza la muhula.