Dele, Kichujio na Kopo: Historia ya Kahawa Njema kwa Gharama Ndogo

Vyombo vya nyumbani vina historia yao kama zilivyo nayo dola na falme, ila historia hiyo haiandikwi sana, kwa kuwa watendao kazi jikoni aghalabu hawana waandishi. Miongoni mwa vyombo hivyo, vile vya kahawa vyastahili kutazamwa kwa makini katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki. Zao hili limejenga shule, limelipa kodi na kusomesha watoto. Walakini katika nyumba nyingi za waliolipanda halinywewi, au hunywewa katika hali yake iliyo dhaifu. Swali la makala hii ni dogo kwa kulisikia: mtu wa mapato ya kadiri, atakaye kunywa kahawa njema nyumbani kwake, anunue nini? Swali si jipya, na waliotutangulia walilijibu mara nyingi kwa mikono yao.

Kahawa iitwayo arabika asili yake ni misitu ya milima ya kusini magharibi ya Ethiopia. Habari za hakika za watu kuichemsha na kuinywa zatoka Yemen katika karne ya 15, ambako masufi waliitumia ili wakeshe katika dhikri. Kutoka huko ilienea Makka na Kairo. Mwaka 1511 Kha'ir Bey, aliyekuwa na mamlaka Makka chini ya Wamamluki, aliipiga marufuku, lakini marufuku hayo hayakudumu. Si kazi nyepesi kukifukuza kinywaji ambacho vyombo vyake vimo katika kila nyumba: kikaango cha kukaangia, kinu na mchi wa kutwangia, na chungu cha kuchemshia.

Lugha yetu yenyewe ni shahidi wa safari hiyo. Maneno mawili, buni na kahawa, yote yametoka katika Kiarabu, na Mswahili ameyagawia kazi: buni ni punje, kahawa ni kinywaji. Pamoja na maneno hayo upwa wetu ukajipatia dele, chombo cha madini chenye tumbo pana na mdomo uliochongoka. Mchuuzi hulibeba juu ya makaa ya moto, akagonganisha vikombe vyake vidogo ili wa barazani wasikie. Tulitazame umbo lake vizuri. Mashapo hutulia chini katika tumbo, na mdomo huteka kahawa ya juu iliyo safi. Kwa hiyo dele ni birika na kichujio kwa wakati mmoja, na mtumiaji wake hahitaji kununua kitu cha pili. Hii ni hekima ya uchumi iliyofichwa katika umbo la chombo.

Bara kuna historia nyingine. Magharibi ya Ziwa Viktoria, Bahaya walikuwa na kahawa yao ya robusta kabla ya kuja Wazungu. Hawakuinywa, waliipika mbivu pamoja na majani yenye harufu nzuri, wakaikausha na kuitafuna. Mgeni alipewa kahawa kwa heshima, na watu wawili waliochanjiana udugu walikula punje zilizotoka katika tunda moja. Upande wa pili wa nchi, mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliofungua misheni Bagamoyo mwaka 1868, walileta arabika kutoka kisiwa cha Réunion, na mwishoni mwa karne hiyo miche ilikuwa imefika Kilema, Kilimanjaro. Wachaga waliipokea kwa bidii hata wakaunda chama chao cha wakulima mwaka 1925, na mwaka 1933 ushirika wa KNCU ukazaliwa Moshi. Nchini Kenya mambo yalikuwa mengine. Serikali ya kikoloni iliwazuia Waafrika kulima kahawa, ikalegeza kidogo katika miaka ya 1930, na mlango haukufunguka vema mpaka baada ya mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954.

Msomaji ataona kwamba pwani kahawa ilikuja pamoja na vyombo vyake, lakini milimani ilikuja kama bidhaa ya kuuza. Mkulima alifunzwa kupanda, kupogoa, kumenya, kuosha na kuanika. Mafunzo yakaishia hapo. Kukoboa kulifanyika kiwandani, kukaanga kulifanyika ng'ambo, na kunywa kulikuwa kazi ya watu wengine. Hivyo mjuzi wa nusu ya kwanza ya kazi akawa mgeni wa nusu ya pili.

Huko ng'ambo nako walikuwako watu wasio na fedha nyingi walioudhika kwa kahawa chungu yenye mashapo. Benjamin Thompson, ajulikanaye kama Count Rumford, mtaalamu wa moto na mafiga, aliandika insha juu ya kahawa mwaka 1812. Alisema kuichemsha sana kwaipotezea harufu, akapendekeza maji ya moto yapitishwe katika unga badala ya unga kutokoswa katika maji. Mwaka 1852 Wafaransa wawili, Mayer na Delforge, walipata hati ya kulinda uvumbuzi wa chombo chenye mti wa kusukuma chujio chini. Kisha mwaka 1908 Melitta Bentz, mama wa nyumbani wa Dresden, Ujerumani, alitoboa matundu katika kopo la shaba, akalitandika karatasi ya kukaushia wino aliyoichana katika daftari la mwanawe, akamimina maji. Kikombe kikatoka safi. Mwaka 1933 Alfonso Bialetti wa Italia alitoa birika la alumini ambalo mvuke husukuma maji yapande katika unga, ili watu wa kawaida wapate nyumbani kahawa nzito kama ya mkahawani.

Sambamba na vyombo hivyo kulikuwa na mitambo mikubwa. Angelo Moriondo wa Turin alipata hati ya mtambo wa mvuke mwaka 1884, na Luigi Bezzera wa Milano akaurekebisha mwaka 1901. Lakini hiyo ilikuwa mali ya mikahawa, na shabaha yake ilikuwa kuwahudumia wanunuzi wengi kwa haraka. Atakayenunua mtambo wa namna hiyo kwa ajili ya watu watatu nyumbani hulipia haraka asiyokuwa na haja nayo.

Mwisho likaja kopo. Kahawa ya unga uyeyukao ilionyeshwa na Satori Kato, Mjapani, huko Buffalo, Marekani, mwaka 1901, na mwaka 1938 Nescafé ilitoka Uswisi, ikafuatana na askari katika vita vya 1939 hadi 1945. Katika miaka ya 1960 Tanzania ilipata kiwanda chake Bukoba. Tusilidharau kopo. Halihitaji chombo ila kijiko, halina mashapo, na unga wake hukaa muda mrefu. Walakini harufu nyingi hupotea kiwandani wakati kahawa inapokamuliwa na kukaushwa, na mnunuzi hulipia kiwanda, bati na karatasi ya rangi pamoja na kahawa yenyewe.

Je, sayansi yasema nini? Katika miaka ya 1950 mtaalamu wa Marekani, Ernest Lockhart, alipima ni kiasi gani cha unga kiyeyukacho katika maji. Ilionekana kwamba kama asilimia 30 ya uzito wa unga yaweza kuyeyuka, lakini kikombe kitamu hupatikana ikitolewa asilimia 18 hadi 22 tu. Chini ya hapo kahawa huwa chachu na nyepesi. Juu ya hapo huwa chungu na kali. Kipimo hicho chategemea mambo manne: kiasi cha unga, ukubwa wa chembe zake, joto la maji, na muda wa kukaa pamoja. Bei ya chombo haimo katika hayo manne.

Kwa hiyo mpango wa matumizi ni huu. Fedha ya kwanza iende katika buni njema iliyokaangwa karibuni, maana hapana chombo kiwezacho kurudisha harufu iliyokwisha kutoka. Fedha ya pili iende katika kusaga. Kahawa iliyosagwa huharibika kwa hewa upesi kuliko punje nzima, basi heri kinu cha mkono, au kinu na mchi vilivyomo nyumbani, kuliko pakiti ya unga wa siku nyingi. Fedha ya mwisho, nayo ni ndogo, iende katika chombo. Mfuko wa kitambaa safi cha pamba watosha. Brazil na Costa Rica hata leo wako watu wachujao hivyo. Twaa gramu 60 za unga kwa lita moja ya maji. Pwani, maji yakichemka yaache kama dakika moja kabla ya kuyamimina. Nairobi huna haja ya kungoja, maana kwa mwinuko wa mji ule maji huchemka kwenye kiasi cha nyuzi 94 au 95 za Selsiasi, joto lifaalo kahawa. Mwenye dele naye asilitupe. Asiichemshe kahawa kwa muda mrefu tu, na kisha aiache itulie.

Yuko atakayesema kwamba kopo ni rahisi zaidi na kwamba muda pia ni mali. Ni kweli kwa mtu aamkaye alfajiri kuwahi gari. Lakini kwa aishiye katika nchi ya kahawa hoja hiyo ina upungufu, kwa kuwa gharama iliyo kubwa kwa wengine, yaani buni, kwake iko mlangoni. Kinu kitakoboa ganda, ungo utapepeta, chungu kitakaanga. Kazi hiyo ya nusu saa humpa mkulima jambo lisilouzwa dukani: kuijua ladha ya jasho lake. Bei ya kahawa hupangwa na watu waionjao na kuitia madaraja. Asiyeionja huambiwa daraja la kahawa yake naye akakubali, hana la kujibu. Aliyezoea kuinywa njema atajua mavuno ya mwaka huu yana nini na yamekosa nini, naye ataweza kuuliza swali mbele ya mnunuzi.

Basi anayetaka chombo cha bei ndogo asidhani anataka kitu duni. Dele la pwani, kopo la Melitta na birika la Bialetti vyote vilitokana na haja ya watu wa kawaida, na vimedumu kwa sababu vilitimiza kazi yake. Sehemu iliyokuwa imebaki wazi katika historia hiyo ni nyumba ya mkulima. Kuijaza hakuhitaji mtaji. Kwahitaji kinu, kitambaa, moto, na mtu aliyeamua kwamba kahawa iliyo bora kupita zote haikuumbwa kusafiri tu.