Taka za Shamba na Bei ya Moto: Historia Fupi ya Biogesi Tanzania Bara tangu 1975

Historia ya biogesi nchini Tanzania huelezwa mara nyingi kama historia ya mitambo. Makala hii inaitazama kwa upande wa hesabu ya mkulima: nani hulipia ujenzi, na taka hukusanyikia wapi.

Mwaka 1975 Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO) lilianza kusambaza mtambo wenye asili ya India, ambao gesi yake huhifadhiwa katika pipa la chuma linaloelea. Chuma kilikuwa ghali, nacho kilishika kutu. Katika miaka ya 1980 kituo cha CAMARTEC cha Arusha, kwa ushirikiano na Ujerumani, kilieneza mtambo wa kuba unaojengwa chini ya ardhi kwa matofali na saruji. Kuba liliondoa tatizo la kutu, lakini masharti mawili yalibaki: maji na samadi ya kila siku. Ndiyo maana mitambo ilistawi zaidi kaskazini, ambako ng'ombe wa maziwa hulishwa zizini. Ng'ombe wa kuchungwa huacha samadi yake malishoni.

Njia nyingine ilijaribiwa Hale, wilayani Korogwe, katika kiwanda cha mkonge cha Katani. Nyuzi huwa takribani asilimia 4 tu ya uzito wa jani. Sehemu iliyobaki ilikuwa ikitupwa. Mwaka 2007, kwa msaada wa UNIDO na wafadhili wengine, ulijengwa mtambo wa kugeuza taka hizo kuwa umeme. Hapa gharama ya kukusanya taka ilikuwa imekwisha kulipwa, kwa kuwa jani zima husombwa hadi kwenye korona kwa ajili ya nyuzi.

Tofauti hiyo ina uzito kwa Marui na vijiji vingine vya Kisarawe na Kibaha. Mabaki ya mihogo na mikorosho hutawanyika shambani, kuni huokotwa bila fedha, na mkaa hupata soko Dar es Salaam. Mpango wa kitaifa wa biogesi ya kaya, ulioanza mwaka 2009, ulipunguza gharama ya ujenzi kwa ruzuku. Lakini ruzuku haisogezi taka hadi mtamboni.

Kwa hiyo, gesi ikihesabiwa peke yake hushindwa na kuni. Hesabu hubadilika pale taka zinapokuwa zimekwisha kukusanyika, kama katika mabanda ya kuku, na pale mbolea itokayo mtamboni pamoja na saa za wanawake wanaotafuta kuni zinapotiwa thamani.