Anwani za Sisibo

Ukitaka kusoma historia ya biashara mjini Eldoret, anza na vibao vya maduka. Vile vya zamani, vilivyochorwa kwa mkono na ambavyo rangi yake imeanza kubambuka, vina S.L.P. na namba ya simu inayoanza na 0321. Vilivyofuata vina 053, maana namba za mji zilibadilishwa. Halafu zikaja 0722 na 0733, simu ya mkononi ilipoacha kuwa kitu cha wakubwa. Halafu "Tupate Facebook". Na kuanzia 2017 hivi zikaanza kutokea kadi, risiti na mabango yenye anwani ndefu inayoishia na business.site.

Hii ya mwisho ndiyo nataka tuiongelee, kwa sababu imekufa na hakuna aliyeizika.

Google ilianza kutoa huduma hiyo Juni 2017. Ilikuwa bure, na rahisi kupita kiasi. Ukishaandikisha biashara yako kwenye ramani yao, yaani jina, picha, saa za kufungua na namba ya simu, ulibonyeza mara chache tu na tovuti ya ukurasa mmoja ikajitengeneza. Hukumhitaji kijana wa saiba. Hukulipia seva. Mwenye agrovet, mwenye saluni, fundi wa mageti, mwenye gesti ndogo karibu na stendi, wote wangeweza kuipata wakiwa wameketi dukani na simu mkononi. Wanaojua kutengeneza tovuti waliicheka, na kusema kweli ilikuwa na sura ya fomu ya serikali. Lakini ilifanya kazi ambayo tovuti nyingi za bei kali hazifanyi: mtu alikutafuta, akakuona, akakupigia.

Mapema Januari 2024 tangazo likaja. Tovuti hizo zote, dunia nzima, zingezimwa Machi. Atakayefungua anwani ya zamani angepelekwa kwenye ukurasa wa biashara hiyo ndani ya ramani, lakini hadi tarehe 10 Juni tu. Baada ya hapo angeambiwa ukurasa haupatikani. Notisi ya miezi miwili na kitu, basi. Mwenye nyumba wa Langas akikupa notisi fupi hivyo, angalau unaweza kwenda kumbishia mlango.

Waliofungiwa walishauriwa wahamie kwa kampuni kama Wix, Squarespace na GoDaddy. Nyingi za hizo, ukitaka anwani yako mwenyewe, hulipwa kwa kadi ya benki, na bei inahesabiwa kwa dola. Januari hiyo hiyo dola moja ilikuwa imefika karibu shilingi 160. Shilingi ya Kenya haikuwa imewahi kuwa dhaifu namna hiyo.

Sasa, watu walifanya nini? Hapa Sisibo, hakuna kelele iliyosikika. Wengine hawakuliona tangazo lenyewe, kwa sababu lilitumwa kwa barua pepe, na barua pepe yenyewe mara nyingi ilifunguliwa na mpwa au kijana wa saiba ambaye siku hizi yuko Nairobi, na nywila ameisahau. Na tarehe 10 Juni ilipofika, nani alikuwa na muda wa kuomboleza ukurasa mmoja wa intaneti? Nchi nzima ilikuwa inasoma Mswada wa Fedha wa 2024. Bajeti ilisomwa tarehe 13. Wiki iliyofuata vijana wa mji huu nao walikuwa barabarani.

Mbona nasema ni jambo la historia? Kwa sababu mji huu ulizaliwa ukiwa anwani. Kabla ya kuwa na jina, palikuwa ni Shamba Namba 64 kwenye ramani ya walowezi, ardhi yenye mawe mengi ambayo hakuna mkulima aliyeipigania. Ofisi ya posta ikafunguliwa hapo 1910, na kwa miaka miwili hivi barua zilifika mahali palipojulikana kwa namba tu. Jina la Eldoret lilikuja 1912. Wenyeji hawakuiacha ile namba. Waliiviringa mdomoni hadi "sixty-four" ikawa Sisibo, na mpaka leo babu wa Kapsabet anakuambia anaenda Sisibo. Kuna na kile kisa wanachopenda kusimulia, ati sefu ya Standard Bank ilianguka kutoka kwenye gari la ng'ombe, ikawa nzito mno kuinuliwa, basi wakajenga benki kuizunguka. Mtu anacheka, lakini ndivyo biashara nyingi za hapa zinavyoanza: kitu kinaangukia mahali, nawe unajenga kukizunguka.

Reli ilifika 1924. Baada yake kazi ya duka ilikuwa kukodi sanduku Posta, na miaka mingi baadaye kuomba laini ya simu na kusubiri, kusubiri kweli. Lakini ukishapewa namba, jina lako liliingia kwenye kitabu cha simu. Kishike hicho kitabu, tutakirudia.

Hiyo ya 2017 haikuwa mara ya kwanza biashara ndogo za Kenya kukaribishwa bure mtandaoni. Kebo ya SEACOM ilitua Mombasa 2009, intaneti ikaacha kutegemea setilaiti, bei zikaanza kushuka, na ghafla kila mtu akatutaka. Mwaka 2011 Google, ikishirikiana na Safaricom, Equity Bank na KeNIC, wanaosimamia majina ya .ke, ilizindua mpango ulioitwa Getting Kenyan Businesses Online. Ulipewa tovuti rahisi na jina la .co.ke bila malipo kwa mwaka wa kwanza. Mwaka wa kwanza, kumbuka. Wa pili ulikuwa juu yako.

Wakati huo kulikuwa na kampuni nyingine Nairobi, Mocality, iliyokuwa ikikusanya orodha ya biashara za Kenya kwa njia ya akili sana: iliwalipa wananchi wa kawaida kwa M-Pesa waende mtaani, waandike jina la duka, namba na mahali lilipo. Yaani kitabu cha simu kilichoandikwa na watu wenyewe. Januari 2012 mkuu wake, Stefan Magdalinski, akatoa ushahidi hadharani kwamba watu waliokuwa wakifanyia kazi ule mpango wa Google walikuwa wakichota namba kutoka orodha ya Mocality na kuwapigia wenye biashara, wakidai kampuni hizo mbili zinashirikiana. Mtego wake ulikuwa mzuri: kwenye kurasa walizofungua wageni hao, Mocality iliweka namba yake yenyewe, simu zikaingia, zikarekodiwa. Google ikaomba radhi. Lakini 2013 ni Mocality iliyofunga milango. Ile kazi yote ya miguu, vichochoro vyote vilivyotembewa na watu wa M-Pesa, ikaondoka nayo.

Ulaya na Marekani nao wameonja. GeoCities, mtaa mkubwa wa tovuti za watu wa kawaida tangu 1994, ulizimwa na Yahoo tarehe 26 Oktoba 2009, na kama si kikundi cha wajitoleaji waitwao Archive Team, waliopakua kurasa usiku na mchana kabla ya siku hiyo, pangebaki majivu.

Lakini kuna mara moja watumiaji walikataa, na wakasikilizwa. Tarehe 6 Desemba 2018 WordPress, iliyokuwa ikiendesha karibu theluthi moja ya tovuti zote duniani, ilitoa toleo la 5.0. Kisanduku cha kuandikia ambacho watu walikizoea kwa miaka kikaondolewa kama chaguo la kwanza, kikaja kipya kiitwacho Gutenberg, kinachopanga kila aya, picha na kichwa kama tofali. Ghadhabu iliyofuata si mchezo. Watu walimwaga nyota moja moja. Wengine, hata kabla ya toleo hilo kutoka, walikuwa wameshachukua msimbo wote wa programu, wakatoka nao na kuanzisha ClassicPress. Na wale wengi, wasiotaka vita, walisakinisha tu plagini ndogo iliyorudisha kisanduku cha zamani, Classic Editor. Ikafika tovuti zaidi ya milioni 5. Ahadi ya mwanzo ilikuwa plagini hiyo itatunzwa hadi mwisho wa 2021. Muda ulipofika, wakaongeza. Bado ipo.

Je, waliotumia WordPress walikuwa wajasiri kuliko mwenye saluni wa Huruma? Hapana. Leseni ya WordPress inamruhusu mtu yeyote kuchukua msimbo, kuubadilisha na kuondoka nao, na maandishi yako yanakaa kwenye hifadhidata unayoweza kuinakili. Ukiwatishia kuondoka, wanajua unaweza. Mwenye business.site angetishia nini? Hakuwa na msimbo, na anwani haikuwa yake. Alikuwa amejenga kibanda kwenye hifadhi ya barabara, na sisi wote tunajua tingatinga likija pale halisimami kusikiliza.

Wala usidhani hilo la kumiliki chombo chako ni mambo ya California. Lilifanyika hapa hapa. Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot, ukiwa unaelekea Kapsabet, Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana walianzisha mfumo wa kompyuta wa kutunza rekodi za wagonjwa. Ulijengwa kwa Microsoft Access, kitu kidogo tu. Kisha programu ya AMPATH ikaanza kutibu wagonjwa wa HIV, wagonjwa wakawa maelfu, na mfumo ukaanza kuzidiwa. Kuanzia 2004 wakajenga mwingine upya, wenye msimbo wa wazi, wakauita OpenMRS. Ulianza kutumika Eldoret Februari 2006, na tangu hapo umesambaa nchi nyingi duniani.

Nao walikuwa na plagini yao waliyoitegemea. Fomu za wagonjwa zilitengenezwa kwa InfoPath, programu ya kulipia ya Microsoft. Mganda mmoja, Daniel Kayiwa, akaandika njia nyingine ya kutengeneza fomu hizo bila kuihitaji InfoPath, na baada yake zikaja nyingine rahisi zaidi. Kwa hiyo Microsoft ilipotangaza 2014 kwamba InfoPath haitakuwa na toleo jipya tena, habari hiyo haikuwa msiba. Rekodi zilikuwa zao na mlango wa kutokea walishautengeneza mapema.

Najua mfano huu hauko sawa kwa sawa. Hospitali ya rufaa ina chuo kikuu nyuma yake na wafadhili mbele yake. Na wafadhili nao ni wenye nyumba: Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada ya USAID, AMPATH nayo ikaingia kwenye mashaka. Kumwambia mama wa saluni ajifunze msimbo ni dharau. Kumwambia anunue jina la .co.ke na kila mwaka alilipie mwenyewe si dharau, lakini mwaka ambao ada ya shule imeongezeka, tunajua kitakachoachwa.

Tuseme ukweli pia kuhusu kilichobaki. Ramani haikufutwa. Namba, picha na maoni ya wateja yako pale hadi leo. Kilichokufa ni anwani, na yale maneno machache ambayo wenye biashara waliandika kujieleza: tulianza mwaka fulani, tukiwa na mashine moja, mama yetu ndiye aliyefungua. Kwa mteja hayo ni porojo. Kwa mtu anayeandika historia ya mji, ndiyo yenyewe.

Biashara zenyewe zimehama, kama kawaida yake. Ziko WhatsApp, ziko TikTok. Picha za viatu vipya zinawekwa kwenye status asubuhi na kesho yake saa kama hiyo zimejifuta. Vibao vinachorwa upya, safari hii na alama ya kijani ya simu.

Tarehe 15 Agosti 2024, kama miezi miwili hivi baada ya zile anwani kuzimika kabisa, Eldoret ilipewa hati ya kuwa jiji. Atakayetaka kujua maduka ya mji huu yalikuwaje miaka ya themanini atafungua kile kitabu cha simu, atapata jina la duka, S.L.P. na namba ya 0321, hata kama laini ilikatwa zamani na mwenyewe alishakufa. Atakayetaka kujua ya mwaka tuliofanywa jiji itabidi awaulize wenye maduka wakiwa bado wapo, na baadhi yao wameshafunga.